Mwaka wa Koti la Pili

Tulimzika Kirimi Jumamosi iliyopita, kwao Kianjai, na nisingeandika haya kama nisingesimama kwenye foleni ya chakula. Mazishi yenyewe yalikwenda vizuri. Mchungaji hakurefusha, turubai zilitosha, na wasifu uliosomwa ulisema marehemu alikuwa dereva mwangalifu na mpenzi wa pikipiki, kisha ukaruka moja kwa moja hadi kwa wajukuu. Mbele yangu kwenye foleni walisimama vijana wawili wa kundi la pikipiki la siku hizi, wamevaa majaketi meusi yenye maandishi mgongoni, helmeti wamezipachika kiwikoni kama vikapu vya sokoni. Mmoja akamuuliza mwenzake, "Huyu mzee si ndio ule wa junction?" Mwenzake akajibu, "Ndio yeye. Aliacha post akaenda zake, mtu wa nyuma akapotea mpaka Mwea akaangukia huko. Si tuliambiwa siku ya kujoin?" Walisema bila ubaya wowote, kama watu wanaokumbushana somo la darasani. Nikapokea mukimo na nyama yangu, nikaenda kuketi pamoja na wanawake wenzangu, sahani nikaiweka chini ya kiti. Miaka zaidi ya ishirini imepita na bado mtu huyu anatajwa kwa vijana kama mfano wa uzembe. Kirimi hakuacha kituo chake. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote aliye hai, kwa kuwa kosa lilitoka kwenye cherehani yangu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimepanga chumba Majengo, mjini Meru, nyuma ya msikiti. Simu za mkononi zilikuwa za matajiri, na pikipiki zilikuwa hazijawa kazi ya kubeba abiria. Mwenye pikipiki alikuwa afisa wa kilimo, au padri, au mtu ambaye jamaa zake walikuwa wameshamkatia tamaa. Chumba changu kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, na cherehani ya kukanyaga iliyowekwa dirishani ili nisitumie taa mchana. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mbao, na ng'ambo yake ilikuwa hoteli ya mwenye nyumba wangu, Mama Zuhura. Asubuhi harufu ya mahamri ilipita kwenye nyufa za mbao hizo pamoja na maneno ya wateja: wachinjaji wakilalamikia ngozi zilizotoboka, wafanyabiashara wa Kianjai wakisengenya madiwani, mtu akieleza ugonjwa wa mke wake kwa sauti ambayo mke mwenyewe angeisikia nyumbani. Nilizijua habari za Meru nzima bila kuinuka kwenye kigoda. Mama Zuhura alizaliwa papo hapo Majengo, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sote tulioteremka kutoka mashambani na Kimeru chetu. Alinisahihisha kila nilipofungua mdomo. Nilichukia sana wakati huo, na sasa nikiandika ukurasa huu namshukuru.

Kazi ya ngozi niliipata kwa bahati. Siku moja aliingia mwanamume mrefu mwenye sauti ndogo, ameshika suruali ya ngozi iliyochanika goti, akauliza kama naweza kuiziba. Huyo ndiye Kirimi. Alikuwa dereva wa basi la shule moja ya Kianjai, na pikipiki yake, ile aina ya mbio ambayo mtu huilalia tumbo, aliinunua ikiwa chuma chakavu akaijenga upya kwa miaka miwili. Alikaa akinitazama nikishona mpaka nilipomaliza, kisha akapitisha kidole juu ya mshono akasema, "Hii sasa iko poa kuliko mbele." Juma lililofuata walikuja wenzake watatu. Kundi lao lilijiita Kona Mia, kwa ajili ya barabara ya kutoka Meru kwenda Embu, ambayo kati ya Nkubu na Chuka haijui kunyooka: inashuka mtoni, inapinda, inapanda, inapinda tena. Vifaa vyao vilichekesha. Hakuna duka lililouza mavazi ya pikipiki, kwa hiyo walivizia marobota ya mitumba mpaka litokee jaketi la ngozi la mtu wa Ulaya, na likitokea liliwafika magotini. Kifuani walipanga magazeti ya jana kuzuia upepo. Mmoja alivaa magotini vikinga vya wachezaji wa magongo, na alijiona amekamilika. Mimi nilipunguza, nikaziba, nikashona sponji ya godoro viwikoni, na kidogo kidogo nikawa mtu wao. Waliniita Fundi. Kirimi ndiye aliyenifundisha kuendesha, Jumamosi mchana, katika uwanja wa mpira wa ile shule, na nilipoangusha pikipiki mara ya pili hakunigombeza, aliiinua tu akasema tuanze tena kwa gia ya kwanza. Kufikia Machi nilikuwa na pikipiki yangu ndogo na tamaa moja. Kona Mia ilikuwa na nambari kumi, kila mtu na yake imepakwa rangi nyuma ya helmeti, na hakuna mwanamke aliyewahi kuwa nayo. Zote kumi zilikuwa na wenyewe.

Lazima nieleze sheria moja, bila hiyo mengine hayataeleweka. Kundi likiwa safarini, wa mbele ndiye anayejua njia. Likifika njiapanda, aliye wa pili anasimama hapo kuwaonyesha wenzake pa kukata, na haondoki mpaka mtu wa mwisho apite. Ukifika njiapanda usikute mtu, maana yake ni kwamba kundi limenyoosha, nawe unanyoosha. Kuhesabu vichwa kulijaribiwa kukashindikana, kwa kuwa wa Embu walijiunga nasi Runyenjes na wengine walikatiza safari wakitaka. Basi mtu wa mwisho alivaa koti la njano. Lilikuwa moja tu, ngozi halisi, njano ya ndizi mbivu ya Mitunguu, lenye mistari miwili ya kung'aa mikononi na vikinga vigumu mabegani na mgongoni. Alilivaa Mwalimu Mutuma, mkubwa wetu kwa umri, aliyefundisha kemia na kuendesha pikipiki vilevile, taratibu na kwa vipimo. Wapo waliodai vazi bora kama lile linamfaa kiongozi. Mwalimu aliwajibu mbele yangu, huku nikimpima mikono, "Wa mbele ako na watu nyuma yake. Mimi nikianguka huko mwisho, nani ataniona?" Koti likabaki lake. Ukiona koti la njano limepita, kazi yako imekwisha, ondoka.

Mwezi wa tano Mwalimu aliniletea koti hilo nibadilishe zipu. Lilikuwa juu ya meza yangu alipoingia Gitonga, mwanachama mwingine, karani wa benki, mtanashati ambaye hata soksi zake zilifanana na tai. Alilishika akaligeuza nje ndani. "Fundi, unaweza nitolea ingine kama hii?"

"Ya njano?"

"Kila kitu. Mpaka hiyo mistari."

Nikamwambia kundi lina koti moja la njano na yeye anajua ni kwa nini. Akacheka. "Si ya ride, ni ya kuenda job. Asubuhi baridi inaniua. Ama ni ngumu kwako?" Nilimwamini kwa sababu nilitaka kulishona. Miaka yote nikiwa fundi wa viraka na mikunjo ya suruali, hakuna aliyewahi kuniuliza kama jambo ni gumu kwangu. Nilitandika karatasi za kaki sakafuni, nikachora kila kipande cha lile koti, nikatafuta rekisini ya njano ya kushonea viti vya magari, nikakata mistari ya kung'aa kutoka kwa fulana ya wafanyakazi wa barabara. Vikinga sikuwa navyo, nikajaza sponji. Siku ya nne niliyatundika makoti mawili ukutani bega kwa bega, nikamwita Mama Zuhura. Alisimama mlangoni na unga mikononi, akatazama hili, akatazama lile. "Lipi lako?" Nikamwonyesha. "Umelishona wewe mwenyewe, kwa mikono hii?" Nikasema ni mimi. "Basi wewe, mwanangu, usikubali tena kuitwa mtia viraka." Nikiulizwa juma gani la ujana wangu nilikuwa na furaha kamili, nitalitaja hilo, na naona aibu kulitaja.

Safari ya Julai ilikuwa ya kwenda Kiritiri kula mbuzi. Kwa wasiokujua kwetu, Meru mwezi huo ni ukungu na manyunyu mpaka saa nne, na Kiritiri, huko chini kwa Wambeere, ni jua la kukausha ndengu, kwa hiyo mtu anaondoka amejifunga kama gunia na kufika amevua kila kinachovulika. Pikipiki yangu ndogo isingewaweza, nikapandishwa nyuma ya mwenyekiti, Njeru, Mwembu aliyekuwa na duka la pembejeo Meru, ambaye ndiye aliyeongoza. Kirimi alikuwa wa pili. Tulishuka Nkubu, tukapita zile kona, tukawachukua wenzetu Runyenjes penye mvua, na tulipofika njiapanda ya Embu mjini, pale barabara ya Kiritiri inapokatia kushoto na ya Mwea inaponyooka, Kirimi akasimama. Niligeuza shingo nikamwona ameegesha kando, mguu mmoja chini, mkono umenyooka kushoto. Ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho akiwa na hakika na jambo.

Kiritiri nilikwenda bombani kunawa vumbi wakati Njeru anakimbilia kuchagua nyama. Wakafika wawili, wakafika watatu, kisha akaja mtu peke yake mwenye koti la njano, na nikainua mkono kumpungia Mwalimu. Alipovua helmeti alikuwa Gitonga. "Wacha hivyo," alisema kabla sijasema kitu, akilivua koti na kulikunja ndani ya begi lililofungwa kitini. "Runyenjes nilikuwa naganda. Nimeivaa tu hapo kwa mvua, na huku ni jiko." Waliokuwa mbele yake hawakumwona akilivaa na sasa wote walikuwa ndani wakichagua nyama, na waliokuwa nyuma yake hawakuwa wamefika. Nilipaswa kumuuliza saa ileile nani alikuwa njiapanda. Badala yake nililitazama lile koti likiingia kwenye begi, nikaona mshono wa bega umevumilia mvua vizuri, nikaridhika, nikaenda kula.

Kirimi alifika nusu saa baadaye, akaingia akitafuta kiti. "Mwalimu ameketi wapi?" Wakamwambia hajafika. Akacheka. "Wacheni mchezo. Amenipita hapo junction, hata akaniinulia mkono. Ni mimi nilirudi nyuma kuweka mafuta." Kicheko kikaendelea kidogo kikiwa peke yake, kisha kikaisha. Gitonga alikuwa anachuna mfupa na hakuinua macho. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Tulirudi Embu kwa kasi, na saa kumi tukampata Mwalimu hospitalini. Alikuwa amebaki Runyenjes kumsaidia mwenzetu aliyekatikiwa na cheni, akamwacha arudi nyumbani, akaja peke yake. Njiapanda hakukuta mtu, kwani Kirimi alikuwa kwenye pampu, hatua mia mbili ndani ya mji. Akanyoosha kama sheria inavyosema, kwani njia ya Kiritiri hakuijua. Akaona kundi limemwacha mbali, na yeye ambaye hakuwahi kukimbia akakimbia, akawakuta ng'ombe wakivuka barabara ya Mwea. Koti lilimwokoa mgongo. Goti la kulia halikukunjika tena mpaka alipokufa, na hakupanda pikipiki tena.

Gitonga alikuja chumbani kwangu Jumanne. Hakuketi. "Fundi, ile jacket haiko tena."

"Imeenda wapi?"

"Nimechoma. Na wewe hukushona kitu. Si tumeelewana?"

Nikamuuliza, "Na Kirimi?"

"Kirimi alienda mafuta. Hiyo ni kweli ama si kweli?" Ilikuwa kweli. Ndio ubaya wa jambo lile, kila alichosema kilikuwa kweli kikiwa peke yake. Alipofika mlangoni akaongeza, kwa upole kabisa, "Meeting ni Jumamosi hapa kwa Mama. Kuna namba itakuwa free. Mimi nitakusimamia."

Walikutana upande wa pili wa zile mbao. Nilikuwa nashona sare za shule, nikaacha kukanyaga cherehani ili wasijue niko. Njeru alimtaka Kirimi aeleze, na Kirimi akaeleza kwa ile sauti yake ndogo: alisimama, wakapita watu watano, likapita koti la njano, mwenye koti akainua mkono, akaenda kuweka mafuta. Mtu akasema, "Mwalimu anasema hakukuona hapo. Sasa ni nani anadanganya, ni Mwalimu?" Kirimi akasema Mwalimu hawezi kudanganya. "Basi uliona nini?" Mwingine akasaidia, kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomwua: "Pengine uliona mtu wa barabara na ile fulana yao. Kulikuwa na mvua kwa kioo ya helmeti." Kirimi akasema, "Niliona koti." Wakamuuliza tena. "Nilidhani niliona koti." Chai ikamiminwa, vikombe vikagongana, na alipoulizwa mara ya tatu akasema, "Sijui." Nilimsikia akisafiri kutoka neno moja hadi jingine kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, na ukuta uliotutenga ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ningenong'ona angenisikia. Wakapiga kura akatolewa. Kisha sauti ya Gitonga ikasema bado kuna jambo la Fundi, na baada ya muda mfupi mtu akagonga mbao. "Fundi, kuja huku, tuko na habari yako." Tulipishana mlangoni, mimi nikiingia, Kirimi akitoka. Alinishika mkono. "Hongera Fundi. Hiyo saba itunze." Walikuwa wamenipa nambari yake.

Ningependa kuandika kwamba sikupata usingizi. Nililala vizuri. Niliendesha Agosti, Septemba na Oktoba nikiwa nambari saba, wakati huo nimenunua pikipiki kubwa zaidi, na nilifurahia kila kona. Wanawake waliokuwa wakichuma chai kando ya barabara waliinuka kunitazama. Mzee mmoja huko Igoji alinisimamisha kuuliza kama bwanangu anajua niko wapi. Nilijiambia Kirimi amepoteza Jumapili moja kwa mwezi, basi, na mtu haishi kwa Jumapili. Rekisini iliyobaki na zile karatasi za kaki nilizisukuma chini ya kitanda, na sikuzitupa. Sijui kwa nini sikuzitupa. Fundi hatupi karatasi za kukatia nguo iliyomtoka vizuri, huenda ni hilo tu.

Novemba, asubuhi moja, Mama Zuhura alikuja na kikombe changu cha chai akaketi kitandani, jambo ambalo hakulizoea. "Yule rafiki yako mrefu," alisema, "wa basi la shule. Ameacha kazi." Nikauliza kama amefukuzwa. "Hakufukuzwa. Watu wa Kianjai wanasema alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, akamrudishia funguo. Kasema macho yake yanaona visivyokuwapo, na hawezi kubeba watoto wa watu kwa macho ya namna hiyo." Akanitazama nikiwa nimemkodolea macho. "Wamempa kazi ya bohari, kupima mahindi. Mbona hivyo, Makena? Kuna nini?" Nilimwambia yote, papo hapo, kabla chai haijapoa. Alisikiliza hadi mwisho, akachukua kile kikombe ambacho sikukigusa, akasimama. "Mimi nilikusifu," alisema. "Ungeniambia siku ile ya kikao chao, tungevuka mlango huu pamoja." Kisha akaenda kuwahudumia wateja wake, na hakunisahihisha Kiswahili tena mpaka Krismasi.

Kundi niliwaambia Jumapili iliyofuata, kwenye kituo cha mafuta, helmeti ikiwa mkononi, na nitalimaliza hilo hapa kwa kuwa halina mengi. Gitonga alisema nimechanganyikiwa. Wengine waliniamini, wengine walisema hata kama ni kweli, mtu hawekwi njiapanda aondoke kutafuta mafuta. Njeru alisema mambo ya zamani yaachwe. Niliisugua ile saba kwa petroli mbele yao mpaka ikatoka, na sikurudi. Mwalimu, nilipomwendea na kumweleza, alisema koti zuri ni zuri, lakini ningemwuliza yeye kwanza. Kona Mia ilisambaratika baada ya miaka miwili. Kumbe hadithi haikusambaratika nayo. Ilipita mdomo hadi mdomo mpaka foleni ile ya mukimo, na ikapita bila koti langu.

Lakini kabla ya kuliambia kundi nilikwenda Kianjai, siku ileile ya chai, na karatasi zangu zimekunjwa kwapani. Nilimkuta Kirimi ndani ya bohari akipima maharagwe kwa mkebe. Alikuwa amevaa miwani ya sokoni, ile inayouzwa juu ya gunia pamoja na kufuli na betri, na ilimfanya anitazame kwa kuinua kidevu kama kipofu. "Muga, Fundi," alinisalimu. "Umeleta nini?" Sikuwa na utangulizi. Nilizitandaza karatasi juu ya magunia, nikaweka rekisini ya njano juu yake, nikamwambia kulikuwa na koti la pili, na aliyelishona ni mimi.

Aliokota kipande cha mkono, akakipeleka karibu na miwani, akakiweka mbali. "Ilivaliwa na nani?"

"Gitonga."

"Hiyo siku?"

"Hiyo siku. Nilimwona akiivua Kiritiri."

"Na siku ya meeting, wewe ulikuwa upande ule wa mbao?"

"Nilikuwa."

Akakalia gunia. Nilisubiri anitukane, na nilitaka anitukane. Alisema, kama mtu anayejieleza kwa daktari, "Nilienda hospitali. Wakasema macho iko sawa. Nikajua hata wao wamekosea. Nikiwa kwa basi nilikuwa naona mtoto anavuka, nafunga breki, halafu najiuliza kama kuna mtoto. Siku moja kulikuwa na mtoto na nikajiuliza." Akavua miwani akaiweka juu ya maharagwe. Hakuniambia kwamba amenisamehe, wala siku hiyo wala nyingine yoyote kwa miaka tuliyosalimiana baadaye sokoni, na mimi sikuomba. Aliniambia, "Kuja nje."

Mbele ya lango la shule barabara ya murramu, ile ya changarawe nyekundu, imenyooka, Kianjai ni tambarare, na jua la mchana lilikuwa wazi. Alisimama langoni akaniambia niende mpaka kwenye nguzo ya kwanza ya stima, nigeuke, niinue vidole, nisimwambie ni vingapi. Nikaenda, nikainua vinne. "Nne," akasema. "Enda mbele." Kwenye nguzo ya pili niliinua viwili, akavitaja. Watoto wa shule walikuja kwenye ua kututazama, mpishi akatoka na mwiko. Kwenye nguzo ya tatu nilificha kimoja nyuma ya kingine ili nimjaribu kwa haki, akasema ni vitatu na kimoja kimejificha. Akanipungia niendelee. Nilitembea mpaka mbali, mpaka lango likawa mstari na yeye akawa mtu mrefu tu kando yake, nikageuka, nikaubana mkono wa kushoto kifuani na kuinua kidole kimoja cha kulia. Akapiga hatua moja mbele ya lango. Kisha nikamsikia, kwa sauti kubwa ambayo sikujua kuwa anayo.

"Moja," alisema. "Na unalia."